Mfupa si jiwe: anguko dogo la shangazi limetufunza nini

Mwezi wa Shaabani uliopita shangazi yangu aliteleza jikoni. Hakuporomoka ngazini wala hakugongwa na tuktuk. Alikanyaga maji yaliyomwagika, akaanguka kwa ubavu, basi. Alipotaka kuinuka, mguu haukumtii. Tulipomfunua tuliona mguu ule umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga.

Nyumbani maneno yakawa mengi. Kuna waliosema ni jicho, na kuna waliotaka aitwe fundi wa mifupa aje amkande kwa mafuta na kumfunga vijiti. Mimi nilishikilia hospitali. Daktari aliyempokea wala hakushangaa. Alimuuliza maswali matatu: "Mama, hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi? Maziwa wanywa? Na jua walipata wapi?" Hilo la tatu ndilo lililotunyamazisha sote.

Ndugu msomaji, mimi si daktari. Diploma yangu ni ya ustawi wa jamii. Lakini tangu siku ile nimesoma na nimewauliza wanaojua, kwa sababu nina miaka 46 na nina mabinti wawili nyumbani. Haya ndiyo niliyoyafahamu.

Wengi wetu tunadhani mfupa ni kama jiwe, kitu kikavu kisicho na uhai. Sivyo. Mfupa una mishipa ya damu, una neva, na una seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Ndani yake mna uboho, na huko ndiko damu yetu inakotengenezwa.

Ukitaka kuuelewa, tazama nyumba zetu za kale za mawe. Ukuta ni matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Mawe matupu yangepasuka, na boriti tupu zingepinda. Mfupa nao una vitu viwili. Kimoja ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoupa mnyumbuko. Cha pili ni madini ya kalsiamu na fosfati, yanayoupa ugumu. Waweza kujionea mwenyewe. Chukua mfupa wa paja la kuku, uloweke kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki itayayeyusha madini, na mfupa utabaki laini kama mpira. Mwingine utie motoni mpaka uwe mweupe. Hapo nyuzi zimeungua, madini yamebaki, na ukiubonyeza unavunjika vipande.

Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiwa bado ni gegedu, ile laini kama ya ncha ya sikio. Akikua, vipande huungana mpaka mtu mzima akabaki na mifupa 206. Mifupa mirefu hukua urefu kwenye bamba la gegedu karibu na ncha zake. Ujana ukimalizika bamba hilo hugeuka mfupa, na kimo husimama hapo.

Lakini kimo kikisimama, ujenzi hausimami. Kuna seli za kubomoa, osteoklasti, zinazokula mfupa uliochakaa, na kuna seli za kujenga, osteoblasti, zinazofuata nyuma na kuweka mpya. Kila mwaka karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga wenyewe, kazi ya plasta ni kuushika utulie tu.

Utotoni na ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji. Ukifika karibu miaka 30 umeshaweka akiba yako yote, na kutoka hapo unaitumia. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma homoni ya estrojeni hushuka. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji, na ikiondoka wao hupata nafasi. Miaka michache ya mwanzo baada ya hapo ndiyo mfupa unapopungua kwa kasi. Huumwi, huhisi kitu, mpaka siku ya kuteleza jikoni. Wanaume nao hupatwa, ila aghalabu wakiwa wazee zaidi.

Sasa turudi kwenye swali la jua. Kalsiamu ya mwili, asilimia 99 iko kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki inahitajika damuni ili moyo na misuli vifanye kazi. Ikipungua damuni, mwili huenda kuikopa mfupani. Na ili kalsiamu ya chakula iingie mwilini vizuri, yahitajika vitamini D, ambayo ngozi yetu huitengeneza ikipigwa na jua. Mtoto akiikosa hupata matege. Mtu mzima akiikosa, mifupa hulegea na kuuma.

Utasema, Pwani jua si tatizo. Lakini jua la nje halimfai aliye ndani. Mamama zetu walijisitiri kuliko sisi, ila nyumba zao zilikuwa na uani. Huko walifua, walichambua mchele na kusukana nywele, mikono na miguu wazi, bila jicho la mtu. Shangazi alihama nyumba ya namna hiyo miaka 12 iliyopita akaja kwenye fleti ghorofa ya tatu. Akitoka, ni kwa buibui mpaka garini. Jua alilipata kupitia kioo cha dirisha, na kioo huzuia ule mwale unaotengeneza vitamini D. Hatukumkosea kwa kukusudia, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria.

Stara yetu haina ubaya, tulichopoteza ni uani. Basi tuutafute upya: sakafu ya juu ya jengo iliyozungushiwa shuka, roshani yenye pazia, shamba la jamaa mwisho wa wiki. Jua linalofaa ni lile ambalo kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, lakini si mpaka uungue. Asiyeweza kabisa, amuulize daktari kuhusu vidonge, asijinunulie kwa kubahatisha.

Kwa chakula, hatuhitaji makopo ya bei ghali. Maziwa na mtindi vinajulikana. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni kalsiamu tupu, nasi twawadharau. Sukuma wiki inatoa kalsiamu vizuri kuliko spinachi, ambayo ina asidi inayoifunga kalsiamu isiingie mwilini. Simsim pia, na kunde.

La tatu ni mwendo. Mfupa hujengeka unapobeba uzito. Wanaanga wakikaa angani bila uzito, hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Nasi tunaoshinda kwenye kochi tumo safarini humo humo. Panda ngazi, tembea, waache watoto wa kike waruke kamba. Sigara nayo huumaliza mfupa.

Kuhusu mafundi wa mifupa, nawaheshimu wazee wetu. Lakini shingo ya paja ikivunjika, damu inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika, na kukanda huzidisha. Vijiti vikifungwa kwa kukaza mno, kiungo huweza kufa. Piga picha kwanza.

Shangazi alifanyiwa upasuaji. Sasa anatembea kwa fremu, na usiku bado analalamika. Juzi alimwambia binti yangu mdogo, wa miaka 13, "Mjukuu wangu, mimi akiba yangu niliila bila kujua. Wewe weka." Tangu hapo kila Jumamosi wote wawili hupandishwa juu ya jengo, shuka imeshafungwa, wakachambua mboga huko.

Kama una mama au shangazi ghorofani, muulize leo: jua analipata wapi? Na maji jikoni yapanguseni.