Hijama Mbeya na Iringa: Sunna Haihalalishi Wembe wa Kuchangia

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watoto wao Mbeya na Iringa, wengine vyuoni, wengine kwenye biashara. Baridi ya huko inapowakamata viungo na mgongo, huuliza: je, tuumikwe huku huku? Jibu ni kuwa inajuzu, lakini kwa masharti, na sharti la wembe lina uzito mkubwa zaidi huko.

Hijama imethibiti. Amepokea Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa na Abu Taiba, akaamrisha apewe ujira wake. Lakini kuumikwa si wajibu. Aliyeiacha hana dhambi, na aliyeiacha kwa kuogopa madhara amefanya sawa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionesha kuwa kwa watu wazima maambukizi ya VVU ni takriban asilimia 11 Iringa na karibu asilimia 10 Mbeya, ilhali Zanzibar ni chini ya asilimia 1. Hili si la kuwatia aibu watu wa huko, wala VVU havionekani usoni mwa mtu. Lakini hijama ya damu ni kuchanja ngozi. Wembe uliomchanja mmoja ukimchanja wa pili waweza kumpelekea VVU, au homa ya ini aina ya B, ambayo huambukiza kwa damu kwa wepesi zaidi. Kuupangusa kwa spiriti au kuuchovya maji ya moto hakutoshi.

Kwa hivyo, kabla hujalala kuumikwa, hakikisha haya:

1. Wembe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, kisha utupwe kwenye chombo kigumu.
2. Vikombe vipya vya kutumiwa na mtu mmoja tu. Pembe lililopita kwa watu wengi liache.
3. Muumikaji avae glavu mpya, na ngozi isafishwe kabla na baada.
4. Awe amesajiliwa. Bara ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na Zanzibar ipo ya 2008. Muombe cheti bila ya kuona haya.

Wapo wasiofaa kuchanjwa mpaka daktari aridhie: mjamzito, mwenye upungufu wa damu au selimundu, mwenye damu isiyoganda vizuri au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mgonjwa wa moyo, mtoto mdogo na mzee dhaifu. Wala mtu asiache dawa zake za presha au sukari kwa sababu ameumikwa.

Ama aliyefunga, kwa madhehebu yetu ya Shafi funga yake haibatiliki, lakini ni makuruhu. Bora angoje usiku.

Na waumikaji nao wajue: imepokewa katika Abu Daud kwamba anayetibu watu bila ya kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Nia njema haimuondolei dhamana.

Aliyekwisha kuchanjwa kwa wembe wa kuchangia asinyamaze kwa haya. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa za kukinga VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila akiwahi ndiyo bora. Zikiwa zimepita, apime VVU na homa ya ini.

Wazazi, mpigieni simu mtoto leo mumwambie haya. Kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia, na hijama imekuja kuitibu nafsi hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.