UFUATILIAJI WA SEVA, KAZI NA FOLENI: NAFASI YA KITENZI KATIKA LUGHA YA TAHADHARI

1.0 Utangulizi

Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa nchini Tanzania mwaka 1967, juhudi nyingi za kukuza istilahi zimeelekezwa kwenye nomino. Swali linaloulizwa kwanza huwa ni hili: kitu hiki kiitweje kwa Kiswahili? Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mashine ambayo Watanzania wengi huiita kompyuta, ambayo vitabu vya shule vya Kenya vimeizoeza jina la tarakilishi, na ambayo wengine walipendekeza iitwe ngamizi. Mjadala wa namna hiyo una manufaa yake, lakini umefunika jambo moja. Mtu aliyekabidhiwa kuzilinda mashine hizo hasomi majina peke yake. Husoma sentensi, na uzito wa sentensi hiyo umo katika kitenzi.

Makala haya yanaeleza jinsi ufuatiliaji wa rasilimali unavyopangwa katika kompyuta za biashara, kisha yanaonyesha kwamba unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili tayari unabeba tofauti ambazo ufuatiliaji huo unazihitaji. Mahali patakapotumika kwa mfano ni Kikima, mji mdogo wa soko katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, ambako Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili hutumika sokoni, shuleni na ofisini.

2.0 Kinachofuatiliwa

Yafaa kwanza maneno manne yaelezwe. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta au simu nyingine. Kazi ni shughuli moja iliyokabidhiwa seva, iwe ya kukokotoa mishahara, kuchapa hesabu za mwezi au kuhamisha fedha. Foleni ni mahali ambapo kazi au ujumbe hungojea zamu yake. Rasilimali ni vile vitu ambavyo kazi hizo huvigombea: muda wa kichakataji, kumbukumbu, na nafasi ya diski.

Uzito wa mambo haya huonekana mbali na chumba cha seva. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007. Seva zake zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mkulima wa Kikima anayenunua mbegu za mahindi na ndengu kabla ya mvua za vuli hajali seva iko wapi. Anachojali ni ule ujumbe mfupi unaomthibitishia muuzaji kwamba fedha zimefika. Hapo, kwa kweli, pana kazi mbili. Ya kwanza ni kuondoa fedha katika hesabu moja na kuziandika katika nyingine. Ya pili ni kupeleka ujumbe. Katika mfumo wowote wa namna hii yawezekana kazi ya kwanza ikamalizika barabara huku ujumbe ukiwa bado kwenye foleni. Fedha zimehama, na muuzaji hana uthibitisho. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hulipa mara ya pili, au hurudi nyumbani bila mbegu ilhali msimu haumngoji.

3.0 Jinsi ufuatiliaji unavyopangwa

Wakazi wa Makueni, na wa Kitui ng'ambo ya Mto Athi, wana mfano wao wa rasilimali isiyoonekana kwa macho. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za ushirika, vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Ukuta hukinga mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga huo. Juu ni pakavu siku zote. Anayetaka kujua maji yamebaki kiasi gani hana budi kuchimba na kupima. Seva nayo ni hivyo hivyo: ikiwa tupu au imelemewa, umbo lake la nje halibadiliki. Ni lazima ipimwe, na kipimo hicho kiwekewe utaratibu.

Anayeupanga utaratibu huo hufanya maamuzi sita:

(a) Kitu gani kipimwe: kichakataji, kumbukumbu, diski, kazi fulani, au foleni fulani.
(b) Kipimwe kila baada ya muda gani. Kipimo cha kila sekunde huielemea seva yenyewe. Kipimo cha kila saa huja matanga yakiwa yameanza.
(c) Tahadhari itolewe kipimo kikifika wapi.
(d) Hali hiyo ivumiliwe kwa muda gani kabla ya tahadhari. Kichakataji kikifika asilimia 95 kwa nusu dakika, huenda ni dalili ya bidii tu. Kikikaa hapo robo saa, ni jambo jingine.
(e) Tahadhari ifutwe kipimo kikishuka hadi wapi. Kiwango hiki hupaswa kuwa chini ya kile cha kwanza. Ikiwa tahadhari hutolewa kwenye asilimia 90 na kufutwa papo hapo kwenye 89, diski inayopanda na kushuka katikati ya hapo italeta kelele usiku kucha, na mlinzi ataacha kusikiliza.
(f) Nani aambiwe, na achukue hatua gani.

Mfano mzuri wa mashine za biashara ni AS/400, iliyotangazwa na IBM tarehe 21 Juni 1988, ambayo mfumo wake wa uendeshaji leo huitwa IBM i. Mfumo huo huonya nafasi ya diski inapotumika kwa asilimia 90, isipokuwa mwendeshaji akibadilisha kiwango hicho. Una foleni za kazi, foleni za matokeo yanayongoja kuchapwa, na foleni za ujumbe, ikiwamo ile iitwayo QSYSOPR ambamo mfumo humwandikia mwendeshaji. Kila kazi huonyeshwa pamoja na hali yake. Hali mojawapo huandikwa MSGW, maana yake kazi inangoja ujumbe wake ujibiwe. Ikiwa foleni imeruhusiwa kutoa kazi moja tu kwa wakati, na kazi hiyo inangoja jibu, basi zote zilizo nyuma yake hungoja pia. Kichakataji kitaonekana hakina shughuli, diski itakuwa na nafasi tele, na kila kipimo cha rasilimali kitasema kwamba mambo ni shwari. Ndiyo sababu kufuatilia seva bila kufuatilia kazi na foleni hakutoshi.

Kupima foleni nako kuna hadhari yake. Elimu ya foleni ilianza na A. K. Erlang, aliyeandika mwaka 1909 kuhusu simu za Copenhagen, na mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni iliyo rahisi kuikumbuka: kwa wastani, idadi ya wanaongoja ni sawa na kasi ya kuwasili ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hungoja. Chukulia foleni yenye jumbe 6,000 zinazoingia na kutoka kwa kasi ya 100 kila sekunde. Kila ujumbe hungoja dakika moja tu. Chukulia nyingine yenye jumbe 40 ambayo haijatoa hata mmoja kwa dakika 10. Anayepima urefu peke yake ataihofia ya kwanza na kuipuuza ya pili, ambayo ndiyo yenye msiba. Basi vipimwe vyote viwili, urefu na mwendo.

4.0 Majina na mitego yake

Baadhi ya majina yanayohitajika hapa yamekwisha kujipatia makazi. Foleni, ambalo kwa kawaida husemwa kuwa limetokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari, limeenea kiasi kwamba halina haja ya mbadala. Mlolongo lingeweza kulipokea neno hilo mzigo, lakini kwa Mkenya mtu mzima mlolongo ni jina la mchujo wa uchaguzi wa 1988, ambapo wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea. Istilahi yenye kumbukumbu kali ya namna hiyo huvuta mawazo pembeni.

Kizingiti ni mtego wa aina nyingine. Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno hulitumia kwa kile kipimo cha tahadhari, kwa kuwa lugha zote mbili zina jina la sehemu ya chini ya mlango. Lakini katika Kiswahili cha leo kizingiti ni pingamizi, jambo linalomzuia mtu asiendelee. Mwendeshaji akiambiwa kwamba diski imefika kwenye kizingiti ataelewa kwamba imezuiwa, ilhali haijazuiwa bado. Kiwango cha tahadhari ni refu kidogo, lakini halipotoshi.

Kwa shughuli yenyewe, ukaguzi huja baada ya muda na kuondoka, na usimamizi hubeba mamlaka ya kuamuru. Ufuatiliaji ndio unaoeleza kuandamana na kitu hatua kwa hatua bila kukiamuru. Katika ofisi za umma neno hili limekwisha kuzoeleka pamoja na tathmini.

5.0 Kitenzi na hali ya kazi

Hata hivyo majina hayo yote hayamwambii mwendeshaji afanye nini. Tazama sentensi zifuatazo, ambazo kila moja inaweza kuonekana kwenye kioo cha kompyuta:

(a) Kazi imesimama.
(b) Kazi imesimamishwa.
(c) Kazi imekwama.
(d) Kazi imekatika.
(e) Kazi imekatwa.
(f) Kazi inangoja jibu.

Sentensi (a) na (c) zina vitenzi vya kauli ya kutendama, ambayo huonyesha hali ya kukaa mahali au namna fulani, kama inavyoonekana pia katika inama na gandama. Hakuna mtendaji anayedokezwa. Lakini simama husema tu kwamba mwendo haupo, na kwama huongeza kwamba mwendo ulitakiwa na kuna kinachouzuia. Katika (b), kauli ya kutendesha ikifuatwa na ya kutendwa humleta mtendaji ingawa hatajwi: yuko aliyeisimamisha, naye ana sababu zake. Mwendeshaji wa (b) humtafuta mtu; wa (c) hutafuta kizuizi. Akizichanganya, anaweza kuiachilia kazi ambayo mhasibu ameizuia makusudi ili mishahara isilipwe mara mbili.

Tofauti ya (d) na (e) ni ya kauli ya kutendeka na ya kutendwa. Iliyokatika imekatika kwa hitilafu na pengine yafaa ianzishwe upya. Iliyokatwa imekatwa na mtu, na kuianzisha upya ni kupinga uamuzi wake. Sentensi (f) haina lawama wala hitilafu. Inadai jibu tu.

Lugha inatoa pia kitenzi cha hatua inayofuata. Kutokana na kwama hupatikana kwamua, kwa kauli ya kutendua, na maana yake ni kuondoa ule ukwamaji. Amri ya kukwamua foleni haiwezi kuchanganywa na amri ya kuifuta, jambo ambalo ni la faraja, kwa kuwa kufuta foleni ya ujumbe ni kuupoteza uthibitisho wa kila aliyemo.

Viambishi vya njeo navyo vina kazi yao. Foleni imejaa hueleza hali iliyofikiwa. Foleni inajaa hueleza mwendo ambao bado unaweza kuzuiwa. Mpangaji mwangalifu huweka tahadhari mbili, moja ya kipimo kinachopanda na nyingine ya kipimo kilichofika, na Kiswahili humpa viambishi viwili, -na- na -me-, vya kuzitenganisha bila kuongeza neno hata moja.

6.0 Hitimisho

Yafuatayo ni maandishi mawili ya tahadhari ya aina moja. La kwanza: Hitilafu, foleni ya ujumbe. La pili: Foleni ya uthibitisho imekwama kwa dakika 10, jumbe 40 zinangoja, fedha zimekwisha kuhamishwa, wateja wasilipe tena. La kwanza lina nomino tupu, na anayelisoma hajui aanzie wapi. La pili humwelekeza mwendeshaji kwenye kizuizi, na humpa mpokeaji wa simu za wateja jibu la kumpa mnunuzi aliyesimama mbele ya duka la mbegu Kikima.

Hivyo basi, orodha za istilahi za kompyuta zinazotayarishwa vyuoni zisiishie kwenye majina. Kila jina la kitu kinachofuatiliwa liandamane na vitenzi vya hali zake, kila kitenzi kikiwa katika kauli yake na kikiwa kimeelezwa nani ametenda, iwapo yupo. Wahandisi wanaweza kupanga viwango na vipindi vya upimaji. Kuamua kwamba imekwama si sawa na imesimamishwa ni kazi ya wanaisimu, na isipofanywa nao itafanywa na mfasiri mwenye haraka.