Ustadi Bila Usikivu Haujengi

Mwaka 1953, huko Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Tangu mwaka 2001 mahali hapo pamekuwa Chuo Kikuu, na miongoni mwa masomo yake imo elimu ya kompyuta. Kazi ya kutunga programu ni ya kikundi: huyu hutunga, yule hupima, mwingine huwauliza watakaoitumia. Basi twasema, ustadi peke yake hautoshi.

Milima hiyo ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Lakini wenye mashamba hawakusikilizwa. Mwaka 1955 walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Utaalamu ulikuwapo, usikivu haukuwapo.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliueleza uwezo huo kwa jina la akili ya hisia: yaani mtu kuzitambua hisia zake na za mwenziwe, na kuzitawala. Kabla yao, mwaka 1971, Gerald Weinberg alikwisha kuwaonya watunga programu wasiifanye kazi yao kuwa nafsi yao, kwani mtu wa namna hiyo hapendi kuonyeshwa kosa.

Hasara yake ni dhahiri. Kijana aliyechekwa jana, leo akiona kosa hunyamaza. Programu ikifika hospitali au ofisi ya mishahara, kosa lililofichwa darasani humwangukia mgonjwa na mfanyakazi. Tena yuko hodari akeshaye peke yake kuifanya kazi yote, na wenzake wakapata maksi bila jasho. Huo si ushirikiano. Wavivu wamemnyonya hodari, na hodari naye amewanyima wenzake nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo yawapasa walimu wasipime programu tu, bali wapime pia jinsi ilivyotengenezwa: nani alisikilizwa, ugomvi ulisuluhishwa vipi, na aliyefichua kosa alishukuriwa au alidharauliwa. Adabu hii hufundishika, kama hesabu zifundishikavyo.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala haujengi programu ya kuwafaa wananchi.