Wazee wa Kariakoo na Kipimo cha Tezi Dume

Suala la kama mwanamume aliyezeeka aendelee kupimwa saratani ya tezi dume, yaani tezi iliyo chini ya kibofu na inayouzunguka mrija wa mkojo, limebishaniwa kwa miaka mingi Marekani, ambako mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga lilishauri kwamba wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na waliofikisha 70 wasipimwe. Ubishi huo uliibuka upya Mei 2025, ilipotangazwa kuwa Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, akiwa na miaka 82, ana saratani hiyo na imekwisha kufika mifupani, ilhali kipimo chake cha mwisho cha PSA kilichojulikana kilikuwa cha 2014.

PSA ni protini ya tezi dume inayopenya kidogo katika damu, na kiwango chake kikipanda si lazima iwe saratani, kwani hata tezi iliyotanuka kwa uzee tu, au maambukizi ya njia ya mkojo, hukipandisha. Isitoshe, saratani nyingi za uzeeni hukua polepole kiasi kwamba mwenye nayo hufa kwa maradhi mengine, wakati upasuaji au mionzi huweza kumwachia mkojo usiozuilika na upungufu wa nguvu za kiume. Utafiti mkubwa wa Ulaya, uliofuatilia wanaume kwa miaka 23, ulionyesha kwamba kifo kimoja kiliepukwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa kupimwa.

Kariakoo, Dar es Salaam, hata hivyo, neno "kuendelea" halina pa kukaa, maana wengi wa wazee wanaokunywa kahawa kwa kashata barazani hawajaanza. Katika nyumba za Kiswahili zilizosalia katikati ya maghorofa, ambamo vyumba hutazamana koridoni na choo kiko uani, mzee anayefungua komeo mara nne usiku na kusimama muda mrefu mkojo ukitoka matone matone hujulikana na wapangaji wote, na bado husema ni umri tu. Kumpima huyo ni kutafuta kinachomsumbua, wala ushauri wa Marekani, uliolenga wasio na dalili, haumhusu. Hospitali ya Muhimbili iko jirani tu, Upanga, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni, lakini wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kinachowachelewesha, pamoja na gharama, ni utani wa vijiweni kuhusu kidole cha daktari kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, uchunguzi usiomaliza hata dakika moja, na ambao mara nyingi hutanguliwa na damu ya mkononi tu.

Kwa wasio na dalili, mwenye miaka 78 na moyo dhaifu anaweza kuachana na kipimo bila kujilaumu. Mwenye 71 ambaye bado anafungua duka lake Mtaa wa Kongo kila asubuhi na hajapimwa kamwe ana sababu ya kupima walau mara moja, alimradi aulizwe kabla ya sindano kama atakubali kutolewa vinyama vya tezi ili vichunguzwe endapo kiwango kitapanda, kwa kuwa akikataa, damu hiyo itakuwa imetolewa bure.