Mbano wa Data za Skrini na Usahihi wa Maandishi: Eneokazi la Mbali katika Mazingira ya Nyakabuye, Rwanda

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hatua hiyo inadai nyaraka za Kiswahili zisomeke kwa usahihi hata mbali na Kigali, kama vile katika sekta ya Nyakabuye, wilayani Rusizi. Makala hii inaeleza jinsi data za skrini zinavyobanwa pale mtumishi anapofungua eneokazi la kompyuta iliyo mbali, na kwa nini uchaguzi wa mbano ni suala la kisera.

Katika matumizi hayo, kinachosafirishwa aghalabu si maandishi bali picha ya maandishi. Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, ina baiti 6,220,800. Katika mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo isipobanwa hufika baada ya takriban sekunde 25.

Itifaki ya RFB, iliyoasisiwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge na kuchapishwa kama RFC 6143 mwaka 2011, hupunguza mzigo huo kwa njia tatu. Kwanza, hutuma sehemu zilizobadilika tu. Pili, ukurasa unaposogezwa, kompyuta pokezi huagizwa kunakili mstatili ilio nao tayari. Agizo hilo huchukua baiti 16. Tatu, mbinu ya ZRLE hugawa eneo katika vigae vya nukta 64 kwa 64, huhesabu nukta za rangi moja zinazofuatana badala ya kuzitaja mojamoja, kisha hubana matokeo kwa zlib. Kwa kuwa ukurasa wa maandishi una weupe mwingi, mbano huwa mkubwa bila nukta yoyote kupotea.

Mbano unaopoteza data, kama wa JPEG, hufaa picha za mandhari lakini hutia ukungu kingo za herufi. Mbano wa aina nyingine una hatari kubwa zaidi. Mwaka 2013, Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kuskani zilibadilisha tarakimu 6 kuwa 8, kwa kuwa mbano wake ulihesabu alama zinazofanana kuwa alama moja. Tarakimu potofu zilisomeka vizuri, hivyo msomaji hakuwa na sababu ya kushuku.

Kwa hiyo, zabuni za mifumo ya umma zidai mbano usiopoteza kwa maandishi na tarakimu, na kuruhusu mbano unaopoteza kwa picha pekee. Majaribio nayo yafanywe kwa nyaraka halisi, kupitia mtandao uliopo katika sekta yenyewe.