Viza ya Nchi Tatu: Je, Yafaa Kununuliwa?

Sisi tunaosoma hapa Tororo huulizwa maswali mengi na wageni wanaofika shuleni. Huuliza njia ya kupandia Mwamba wa Tororo, huuliza gari la kwenda Jinja, huuliza bei ya ndizi. Maswali hayo hayana hatari. Lakini liko swali moja ambalo ukilijibu vibaya unamtia mgeni hasara, nami nalilijibu vibaya mwaka 2023. Kwa hiyo nimeona yanipasa kuandika maneno haya, ili kosa langu liwe faida kwa wengine.

Swali lenyewe ni hili: "Je, ninunue viza ya pamoja ya Afrika Mashariki, ama nilipe kila nchi peke yake?"

Kwanza nieleze viza hiyo ni kitu gani, maana wengi wetu hatuijui, kwa sababu hatuihitaji. Mimi ni mwenyeji wa Busia, upande wa Kenya. Kila likizo navuka mpaka kwa kitambulisho changu cha taifa, wala silipi senti ya viza. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kutembeleana kwa vitambulisho. Busia nayo ni mji mmoja wenye serikali mbili, na watu wake wamezoea kuvuka. Hata neno bodaboda lilizaliwa katika mipaka hii yetu, wakati vijana walipokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Na tangu mwaka 2018 kiko kituo cha pamoja pale Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, upande ule anaoingia.

Lakini mgeni wa mbali hana kitambulisho chetu. Kwa ajili yake nchi hizo tatu zilianzisha, mwaka huo huo wa 2014, viza moja ya utalii. Bei yake ni dola 100 za Marekani. Kwa viza hiyo mtalii aweza kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90, akiingia na kutoka kati ya nchi hizo mara nyingi apendavyo. Huombwa katika ile nchi atakayoingia kwanza.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka ule wa 2023 alifika mama mmoja mgeni, akakaa siku chache kwenye nyumba ya mapadre karibu na shule. Alikuwa ameingia kwa njia ya Entebbe, naye alikuwa na viza hiyo ya pamoja. Alituuliza sisi wanafunzi, "Nikitoka Kenya nikaenda Arusha kutazama wanyama, kisha nikarudi huku, viza yangu itanifaa?" Mimi nalimjibu kwa sauti kubwa, "Bila shaka, mama! Hiyo ni viza ya Afrika Mashariki, na Tanzania ni Afrika Mashariki." Wenzangu wakaitikia kwa kichwa. Akatushukuru, akaenda zake.

Ndugu zangu, nalisoma jina tu, sikusoma masharti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kubwa, na Tanzania imo ndani yake tangu mwanzo, lakini viza hii ni ya nchi tatu tu. Tena sharti lake ni kwamba mtalii akitoka nje ya nchi hizo tatu, viza imekwisha, hata kama siku 90 hazijatimia. Mama yule aliporudi kutoka Arusha hadi Namanga akaelezwa kwa upole kwamba viza yake haina nguvu tena. Akalipa zaidi ya dola 50 ili aingie Kenya. Alipofika Busia akalipa dola 50 nyingine ili aingie Uganda, maana ndege yake ilikuwa Entebbe. Kwa hiyo alilipa kama dola 100 za pili kwa ajili ya neno langu moja. Nalimwandikia barua kumwomba radhi, naye akanijibu kwa wema. Lakini wema wake haukurudisha fedha zake.

Likizo ile nalimweleza senge, yaani shangazi yangu, jambo hilo. Yeye huuza dagaa sokoni Busia. Hakunikemea; alinipa mfano. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kumwambia alipe shilingi 1,000 kwa mwezi, naye atambeba kwenda sokoni na kurudi kila siku atakayo. Nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 50. Kijana akasema kwamba mwezi mzima, kwenda na kurudi, ni shilingi 3,000, hivyo senge atapata faida ya 2,000. Senge akakataa. Yeye huenda sokoni siku mbili kila juma, yaani siku nane kwa mwezi, na kwenda na kurudi ni safari 16. Safari 16 kwa shilingi 50 ni shilingi 800 tu. Akaniambia, "Baba, yeye alihesabu siku za mwezi. Mimi nalihesabu siku za soko."

Maneno hayo ndiyo ufunguo wa swali letu. Usihesabu mahali ambapo viza yaweza kukufikisha, bali hesabu mahali utakapokwenda kweli. Natuchukue safari tatu kwa mfano. Viza ya kawaida ya utalii ya Uganda ni dola 50. Kenya iliondoa viza Januari 2024, na badala yake mgeni huomba kibali kwa intaneti kabla ya safari, ambacho kilianza kwa ada ya dola 30. Viza ya Rwanda ya siku 30 ni dola 50.

Safari ya kwanza: Mgeni anashuka Entebbe, anatazama chanzo cha Mto Nili pale Jinja, anapanda Mwamba wa Tororo, anavuka Busia, anapita Kisumu hadi Nairobi, na huko anapanda ndege kurudi kwao. Uganda dola 50, Kenya dola 30, jumla 80. Akinunua viza ya pamoja amepoteza dola 20.

Safari ya pili: Mgeni anaanza Kigali, kisha Uganda, kisha Kenya. Dola 50 na 50 na 30, jumla 130. Huyu akinunua viza ya pamoja ameokoa dola 30, tena ana ruhusa ya kurudi nyuma akitaka.

Safari ya tatu ni njia ile ile ya Kigali, lakini msafiri ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, tuseme Mwingereza. Tangu mwaka 2020 Rwanda haiwatozi watu wa Jumuiya ya Madola, wala wa Umoja wa Afrika, wala wa jumuiya ya nchi zisemazo Kifaransa, kwa siku 30 za kwanza. Basi kwake Rwanda ni bure, na jumla inarudi kuwa 80. Mwaona kwamba njia ni moja na viza ni moja, lakini pasipoti imegeuza jibu.

Liko jambo jingine ambalo wageni hukosea. Katika miji mikubwa ya Ulaya, kama London na Paris, huuzwa kadi ambayo ukiisha kuinunua waingia makumbusho na majengo mengi bila kulipa tena mlangoni. Viza yetu si kadi ya namna hiyo. Inakupitisha mpakani tu. Mbuga za wanyama, makumbusho, mashua ya Jinja, na hata kupanda mwamba wetu, vyote vina malipo yake mbali. Wala si ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anayekuja kufundisha au kuajiriwa hana budi kuomba kibali kinachofaa.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza, usimpe jibu upesi kama nilivyofanya mimi. Muulize kwanza maswali manne. La kwanza, utaingia nchi zipi, na kwa mpango gani? La pili, je, utatoka nje ya Kenya, Uganda na Rwanda kabla ya safari kwisha? La tatu, pasipoti yako ni ya nchi gani? La nne, je, una nia ya kuvuka na kurudi mara kwa mara? Kisha chukueni karatasi, mjumlishe. Na kwa kuwa ada hubadilika, mwambie atazame bei kwenye tovuti ya serikali yenyewe siku ile anayoomba. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka huu alituandikia mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, akauliza swali lile lile. Safari hii nalimjibu kwa maswali manne. Njia yake ilikuwa ile ya kwanza, kuingia Entebbe na kutokea Nairobi. Tukapata 80, naye hakununua viza ya pamoja. Tulipanda naye Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kina mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na hewa ilikuwa safi hata tukauona Mlima Elgon upande wa kaskazini. Dola 20 alizookoa zilitosha kumlipa kiongozi wetu, na kutununulia soda sote.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza hapa, mlioko Nairobi, Kampala na Kigali, ninyi huulizwa zaidi yetu. Tafadhali msiwajibu wageni kwa jina la viza. Wajibuni kwa hesabu.