Nyaya zisizo na mwenyewe

Wenye Toyota IST, Noah na Probox za mtumba kutoka Japani wanamjua yule mwanamke. Ukizungusha ufunguo tu, kabla hata injini haijashika, anasema maneno machache ya Kijapani kwa adabu kubwa, kisha ananyamaza hadi utakapowasha tena. Wengine humdhania alamu, wengine redio. Wapo wanaoapa kwamba gari linawasalimu.

Anayesema ni kifaa cha ETC, mfumo wa kulipia barabara za kasi ulioenezwa Japani nzima mwaka 2001, na anachosema ni kwamba kadi ya malipo haijachomekwa. Kule zaidi ya asilimia 90 ya magari yanayopita kwenye vituo vya malipo hulipa kwa kifaa hicho. Huku hakina wa kuzungumza naye. Hata Nairobi Expressway, yenye malipo yake ya kielektroniki, inataka kifaa chake yenyewe. Basi mwenye gari anachoka na kelele, fundi anakichomoa, na nyaya tatu zinabaki zikining'inia chini ya usukani. Miaka inapita, gari linauzwa, mnunuzi mpya anainama kuokota sarafu na kukutana nazo. Za nini hizi?

Mafundi wengi hulijibu swali hilo kwa koleo. Kata, zungushia tepu nyeusi, nani anafuata? Mteja anaondoka ameridhika, na mara nyingi kweli hakuna kinachotokea. Lakini ule waya mmoja kati ya hizo nyingi zilizokatwa kwa kubahatisha ndio unaomrudisha gereji wiki ijayo akivutwa kwa kamba, na bili yake haifanani kabisa na bei ya tepu.

Nyaya hizi zina makundi matatu. Tuanze na zile ambazo hakuna mtu aliyeziacha. Kiwanda hakisuki nyaya kwa ajili ya gari moja moja. Aina moja ya gari hutoka kwa madaraja kadhaa, ya bei ya chini na ya bei ya juu, na mara nyingi fungu moja la nyaya hutumika kwa zaidi ya daraja moja kwa kuwa ni nafuu kuliko kuwa na mafungu kumi tofauti stoo. Ndiyo maana gari la daraja la chini linaweza kuwa na plagi za taa za ukungu nyuma ya bampa lakini taa hazipo, au plagi chini ya kiti ambacho hakijawahi kupashwa moto. Plagi ya kiwanda utaijua: ina umbo lake kamili, imekunjwa na kufungwa kwenye fungu lake kwa tepu au sponji ili isigongegonge, na waya wake ni safi mwanzo hadi mwisho. Iache hapo hapo. Haijawahi kuwa na kazi.

Yapo pia magari yaliyoandaliwa kwa ajili ya mikoa ya baridi kama Hokkaido. Hayo huja na betri kubwa kuliko ya wenzake, na baadhi yana nyaya za kuyeyusha barafu chini ya waipa. Kwa mtu wa Tanga ni kitendawili, lakini hazina madhara.

Kundi la pili ni la Mjapani mwenyewe, na hapa ndipo burudani ilipo. Mtu wa Hokkaido hataki kuingia kwenye gari lililoganda, kwa hiyo hufungiwa kifaa cha kuwasha injini kwa rimoti akiwa bado ndani ya nyumba. Kifaa hicho hujipachika kwenye swichi ya ufunguo, katikati ya plagi mbili ambazo kiwandani zilikuwa zimekutana uso kwa uso. Nyaya zake ni nene maana zinabeba umeme wa kuwashia gari. Wenye Subaru za turbo nao walipenda kifaa kinachoiacha injini ikinguruma dakika moja au zaidi baada ya ufunguo kutolewa, ili turbo ipoe taratibu. Nacho hukaa mahali pale pale. Ukikata nyaya za vifaa hivi ukadhani umemaliza, gari haliwaki. Dawa yake ni kutoa kipande cha katikati na kuzirudisha zile plagi mbili za asili zikutane kama zamani. Kazi ya dakika kumi, kwa anayejua. Kwa asiyejua, stata mpya itanunuliwa.

Juu kwenye kioo cha mbele kuna ile mistari myembamba ambayo watu huidhania ufa. Ni antena ya televisheni. Japani ilizima matangazo ya analojia karibu nchi nzima Julai 2011, na mfumo wake wa dijitali ni ISDB-T. Tanzania na Kenya zilichagua DVB-T2. Kwa hiyo hata ukiibakiza televisheni ya gari ikiwa nzima, utasubiri picha mpaka uchoke. GPS ni hadithi nyingine: kile kidude cha mraba chini ya dashibodi kinazipata setilaiti hapa kama kilivyozipata Osaka, ila ramani iliyomo kwenye redio ni ya Japani, na redio nyingi zinagoma kufanya lolote mpaka zipewe diski au kadi yake.

Pale Gerezani, Dar es Salaam, nilimtazama fundi mmoja wa umeme akifungua paneli ya chini ya usukani wa IST ya toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007. Mwenye gari alikuwa na shida moja: likilala karibu wiki, haliwaki. Redio ya Kijapani ilikwisha kuondolewa zamani, pamewekwa ya Android yenye skrini kubwa. Nyuma yake lilikuwa limebaki shamba zima la nyaya. Waya wa kijani kibichi ulikuwa umekazwa kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, bila kwenda kokote. Fundi alicheka. Alieleza kwamba redio za Kijapani hazitakiwi kuonyesha televisheni gari likitembea. Hungoja waya huo uunganishwe na ethi, yaani chuma cha bodi, ishara kwamba breki ya mkono imevutwa. Ukiufunga kwenye chuma moja kwa moja, redio inaamini breki imevutwa siku zote. Mjapani naye ni binadamu.

Pembeni ulining'inia waya wa pinki. Huo hupeleka habari za mwendo kwenye ramani, ili gari likiingia kwenye handaki ramani isipotee. Wa zambarau wenye mstari mweupe ni wa rivasi. Wa njano una umeme muda wote, mwekundu hupata umeme ufunguo ukifika ACC (hatua ya redio, kabla ya injini), mweusi ni ethi. Ila rangi hizo ni za watengenezaji wa redio na vifaa vya ziada. Toyota yenyewe, kwenye redio zake za miaka hiyo, ina kijivu kwa ACC, bluu yenye mstari wa njano kwa umeme wa kudumu, na kahawia kwa ethi. Anayedhani ethi ni lazima iwe nyeusi ameunguza redio nyingi za watu.

Kwa hiyo fundi hakuzitegemea rangi. Alichukua mita ya dijitali, akaweka ncha moja kwenye ethi na nyingine kwenye waya, akamwomba mwenye gari acheze na ufunguo. Imezimwa. ACC. Imewashwa. Washa taa ndogo. Weka rivasi. Waya unaopata volti 12 taa ndogo zikiwaka ulikuwa wa kumulikia vitufe vya redio. Unaopata umeme rivasi ikiingia ulikuwa wa kamera ya nyuma. Kwa huo wa mwendo, gurudumu liliinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, na namba za mita zikawa zinapanda na kushuka. Kisha akatoa terminali ya betri, akageuza mita kwenye mlio, akatafuta kila waya unaishia wapi. Waya haujulikani mpaka uone ncha zake zote mbili.

Alitumia mita makusudi. Ile testa ya balbu waliyonayo mafundi wengi hunywa umeme ili iwake, na kwenye nyaya nyembamba za kompyuta ya gari inaweza kuleta hasara. Na kuna nyaya ambazo hakuzigusa kabisa: zenye plagi au ala ya njano, ambazo ni za mifuko ya hewa. Mwongozo wa Toyota unataka betri itolewe na mtu asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzikaribia. Kwenye magari ya haibridi ongeza rangi ya machungwa. Betri kubwa ya Prius ya toleo la pili ina volti 201.6, na huko si mahali pa kubahatisha na testa.

Aliyekuwa akila betri alipatikana nyuma ya redio: kisanduku kidogo cha ekspanda. FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia megahezi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108, kwa hiyo magari haya hufungwa ekspanda ili zisogezwe chini. Stesheni ya 100 inaonekana kwenye kioo kama 80. Redio mpya haikuihitaji, lakini hakuna aliyeiondoa. Mbaya zaidi, waya wake wa umeme ulikuwa umebanwa kwa kibanio cha bluu cha plastiki, vile vyenye jino la bati linalouma waya mwingine, na haukubanwa kwenye ACC. Ulibanwa kwenye umeme wa kudumu. Ukitaka kuona mwizi wa namna hii, unapitisha umeme wa betri ndani ya mita gari likiwa limefungwa, unasubiri hata nusu saa kompyuta zilale, kisha unasoma. Gari zima halipaswi kuzidi takriban miliampia 50. Lile lilikuwa linavuta karibu 300. Betri ya Ah 45 kwa mwendo huo inakauka kabisa ndani ya saa 150, kama siku sita, na stata inagoma hata kabla ya hapo.

Kundi la tatu ni letu wenyewe, na ndilo ninalolihofia. Mjapani huweka fyuzi. Sisi, mara nyingi, hatuweki. Chukua ule waya mwekundu mnene wa woofer, unaotoka kwenye betri, ukapenya ukuta wa injini na kupita chini ya kapeti hadi buti. Muuzaji anang'oa woofer na amplifaya siku moja kabla ya kukabidhi gari, anakata waya, anaacha ncha chini ya tairi la akiba. Ncha hiyo iko hai. Ikigusa chuma pasipo fyuzi karibu na betri, mamia ya ampia yanapita humo, na ala ya plastiki inaanza kuungua chini ya kapeti kabla hujasimamisha gari. Kwa waya huu hakuna haja ya uchunguzi mrefu: fungua boneti, hesabu nyaya zinazotoka kwenye chanya ya betri, na kila uliozidi wa kiwanda uutoe pale pale kwenye betri, siyo kule mwisho.

Kigumu kuliko waya huo ni kitu kinachokata mafuta. Alamu za hapa nchini na vifaa vya kufuatilia gari huwekwa na rilei inayoweza kuzima pampu ya mafuta au stata kwa amri ya mbali. Nchini Kenya matatu zilipata nyongeza nyingine, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kwa kanuni za waziri John Michuki zilizoanza Februari 2004. Matatu ikistaafu na kuwa gari la familia, nyaya za kidhibiti huenda nayo. Ile rilei ya kuzima gari hufungwa kwa kukata waya wa asili na kuupitisha katikati, kati ya mguu namba 30 na 87a, ili gari litembee kama kawaida mpaka amri ije. Sasa rilei ya bei rahisi inachakaa. Inapata joto, kidole chake cha ndani kinaungua, gari linazima kwenye mataa ya Ubungo na kuwaka tena baada ya dakika kumi. Mwenye gari anabadilishiwa pampu, plagi, sensa. Gari linaendelea kuzima, maana kifaa kilichoagizwa kulizima kimefichwa nyuma ya dashibodi ndani ya tepu nyeusi, na hakuna aliyekumbuka kukitafuta.

Kukiondoa si kukata. Nyaya mbili za asili zilizokatwa lazima ziunganishwe tena, kwa kulehemu, kisha zifunikwe kwa mpira unaobana ukipashwa moto. Zikisokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, umeibadilisha rilei mbovu kwa kiungo kibovu.

Na kabla ya yote hayo, kijulikane ni cha nani. Gari lililonunuliwa kwa mkopo hufungwa kifaa cha kufuatilia chenye laini yake ya simu, na mkopo ukiisha wengi hawakumbuki kukitoa. Mwenye gari mpya anakwenda kazini, kanisani au msikitini, kwa mchepuko kama anaye, na mtu asiyemjua anaweza kuona njia nzima kwenye skrini. Kifaa hicho mara nyingi kina betri ndogo ndani, na ukikikata umeme hutuma taarifa kwamba gari linaibiwa. Peleka kadi ya gari, au logbook ukiwa Kenya, kwa aliyekifunga au kwa muuzaji, akaunti ihamishwe au ifungwe kwanza. Koleo baadaye.